Noti ya Baba Iliyofuliwa

Baba yangu hakuacha picha. Aliacha noti moja ya zaire milioni moja, yenye sura ya rais wa zamani na kofia yake ya ngozi ya chui. Pembeni, kwenye ile sehemu nyeupe ya noti, kulikuwa na maneno machache aliyoyaandika kwa Bic ya bluu siku niliyozaliwa. Nchi iliyoitoa noti ile haiitwi tena jina lile, na hata enzi zake noti yenyewe ilikuwa hainunui fungu la ndagala, wale dagaa wa ziwani. Kwetu sisi ilikuwa ndiyo mali ya familia.

Habari zake nazijua kwa kusimuliwa. Vita vya kumwondoa rais vilipokuwa vinakaribia mji wetu wa Kalemie, serikali ilikuwa inachapisha noti mpya kila mara, na kila mpya ilikuja na sufuri nyingi kuliko ile iliyoitangulia. Sokoni watu walizibandika jina la ugonjwa waliosikia unamsumbua rais, wakazikataa. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikaa miezi mingi bila mshahara, na ulipokuja, ulikuja kwa noti hizo hizo. Mama husema ndiyo siku pekee maishani mwake aliyolala na milionea. Asubuhi milionea akatoka kutafuta unga wa muhogo, akarudi na milioni zake zote mfukoni.

Siku chache baadaye nikazaliwa mimi. Wauguzi wa hospitali walikuwa wameshakimbia, na askari wa serikali walikuwa wanarudi nyuma kwa miguu, wakiingia nyumba za watu na kuchukua walichokiona. Baba alifunga mlango na madirisha. Mama alijifungua sakafuni, akisaidiwa na jirani mmoja, huku buti za askari zikisikika barabarani, hatua chache kutoka ukutani. Aliuma kitenge chake muda wote. Shule ilikuwa imeibiwa hadi madaftari, hivyo baba alipotaka kuandika kuzaliwa kwangu hakupata karatasi nyingine isipokuwa mshahara wake. Baada ya siku tano alitupandisha mtumbwi wa kuvuka ziwa kwenda Kigoma: mama, kaka yangu mwenye miaka minne, na mimi. Yeye alibaki ili amfuate mama yake kijijini, waje pamoja. Hatukumwona tena, na hakuna aliyewahi kutuonyesha kaburi lake.

Mama aliishona noti ndani ya pindo la kitenge, na tulipopata kibanda kwenye kambi ya wakimbizi akaihamishia kwenye Biblia. Aliitoa siku kubwa tu, tukiwa sisi watoto wake peke yetu. Siku yangu ya kwanza ya shule alinisimamisha mbele yake, akaishika noti karibu na macho, akasoma: "Binti yangu, umezaliwa wakati wa vita, lakini wewe siyo wa vita. Soma kwa bidii. Mheshimu mama yako." Nililia kwa furaha. Nilikuwa mtoto pekee darasani ambaye baba yake alikuwa amemwandikia barua.

Nilipofika darasa la tatu, barua ilikuwa imeongezeka. Sasa baba alikuwa anasema nisipigane na wenzangu kwenye foleni ya maji. Mwaka niliounguza uji mara mbili mfululizo, baba alikuwa na maneno makali juu ya wasichana wanaosoma vitabu karibu na moto. Nilipoanza kuota matiti, ikaonekana kwamba tangu siku ile ya kwanza baba alishaona mbali, akaniandikia nisisimame gizani na wavulana wa kwaya. Nilianza kujiuliza alipata wapi nafasi ya kuandika yote hayo kwenye sehemu nyeupe isiyozidi upana wa vidole vitatu.

Mama alipolazwa kwa malaria, nilibaki na Biblia peke yangu. Nikaifungua, nikasoma. Palikuwa na mistari minne mifupi, na hakuna hata mmoja uliotaja kwaya, uji wala foleni ya maji. Nilichokikuta nitakisema mahali pake. Hapa niseme tu kwamba siku ile niliyaelewa mambo mawili kwa mpigo: baba yangu aliandika nini, na mama yangu hakujua kusoma.

Sikumwambia. Ungemwambiaje? Mtoto hamvui mama yake nguo. Aliendelea kunisomea siku zangu kubwa, na mimi niliendelea kusimama mbele yake mikono nyuma. Hata asubuhi ya kupanda ndege kuja Amerika baba alikuwa na neno la kusema kuhusu mikanda ya viti. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nyumbani wananiita pilipili, lakini jambo hilo moja nililinyamazia maisha yangu yote. Nilidhani kunyamaza kwangu ndiyo heshima.

Amerika ilitupokea na kututawanya. Mimi na mama tuko Buffalo, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao inayolia upepo ukivuma kutoka ziwani. Nafanya kazi kwenye ghala la vyakula vya barafu huko Lackawanna, na ninapotoka mama huwa ameshaniwekea maji ya moto kwenye beseni kwa ajili ya miguu. Mdogo wake mama, yaani mama mdogo, alipelekwa Columbus. Kaka yuko Louisville, kwenye kiwanda, na mwaka huu amenunua nyumba. Kwa watu wetu nyumba haiingiwi hivi hivi. Kaka aliandaa ibada ya shukrani Jumamosi, akaalika kanisa zima, akamwomba mama jambo moja: alete noti. Alishanunua fremu yenye kioo na kupiga msumari sebuleni, juu ya kiti ambacho mama angekalia. Alisema watoto wake wanajua jina la babu yao tu, na yeye mwenyewe anakumbuka viatu vya baba tu. "Nataka baba awe ukutani," aliniambia kwa simu.

Basi tukaondoka Buffalo Alhamisi, mimi nikiendesha, mama nyuma na Biblia mapajani, tukalala Columbus kwa mama mdogo. Anakaa kule Northland, kwenye nyumba za kupanga nyuma ya Morse Road, ambako ukifungua dirisha wakati wa chakula cha mchana unasikia harufu ya nchi tano.

Mama mdogo anahitaji maelezo. Kalemie alikuwa kambisti, mmoja wa wale akina mama waliokaa sokoni kwenye vigoda, na mabunda ya pesa juu ya meza ndogo, wakibadilisha dola kwa pesa za nchi. Aliacha shule mapema. Anasoma tarakimu tu, lakini kidole chake kinatambua noti ya bandia kabla jicho halijaifikia. Kwetu dola iliyochanika kidogo au yenye doa au yenye maandishi haipokelewi na mtu, hata ukilia. Kwa hiyo kambisti mzuri alikuwa pia dobi: noti chafu aliiosha, akaiondolea wino, akaipiga pasi chini ya kitambaa, nayo ikarudi sokoni ikiwa bibi harusi. Ametimiza miaka mingi Columbus, na mpaka leo keshia akimrudishia dola yenye kona iliyopasuka anaisukuma irudi. "Hapana, hii ya kupasuka nani ataipokea? Nipe ingine." Keshia hushangaa, foleni huguna, na mimi hutazama chokoleti kana kwamba hatujuani.

Ijumaa asubuhi alikuwa ametandika ubao wa pasi sebuleni, ananyoosha vitenge vya Jumamosi. Mimi na mama tulikuwa tunatoka kwenda dukani kununua kisamvu cha barafu tunachokiita sombe, ndagala na mawese ya kupeleka Louisville. Mama alifungua Biblia, akampa noti.

"Itengeneze kidogo," akamwambia. "Itaingia kwenye kioo."

Mama alimaanisha mikunjo tu. Noti ilikuwa imekunjwa mara nne kwa karibu miaka thelathini. Tulikaa dukani kama saa moja, maana mama hanunui ndagala bila kuwatazama machoni.

Tuliporudi, mama mdogo alikuwa anatusubiri mlangoni, uso umemwiva kwa furaha. Alitushika mikono akatupeleka kwenye ubao wa pasi, akafunua kitambaa cheupe.

"Bon, angalieni sasa. Iko propre kabisa. Hata benki ingeipokea."

Sijawahi kuona noti safi namna ile. Rais aling'aa. Mikunjo ilikuwa imetoweka, kona zimesimama, rangi zimerudi. Na pembeni, kwenye sehemu nyeupe, palikuwa peupe.

"Mama mdogo," nikasema, "maandishi yako wapi?"

"Ile Bic? Ah, ilinisumbua ile! Sabuni ilikataa, limau ikakataa. Donc nikachukua ile dawa ya kusafishia mikono, ilibakiaka toka wakati wa Korona. Ikatoka yote." Aliona uso wangu ukibadilika, akaanza kupunguza sauti. "Si ilikuwa hesabu ya makambisti? Siku zote walikuwa wanaandikaka hesabu juu ya noti. Noti ya kuandikwa haipitaka, mwanangu."

Hasira hasara, nimeambiwa tangu utotoni, na sijawahi kusikia. Nilichemka. Nilimwambia mama mdogo, mtu aliyenibeba mgongoni kambini, maneno ambayo mtu hamwambii hata mwizi. Nilimwambia ameua baba mara ya pili. Nilimwambia vita vilishindwa kuifuta noti ile, ziwa likashindwa, mvua za kambini zikashindwa, ameweza yeye na chupa ya dawa ya mikono. Alikaa chini kwenye kapeti, miguu ameinyoosha mbele kama mtu aliyepokea habari ya msiba, pasi ikiendelea kutoa mvuke juu yake. Nikaizima, maana hata katika hasira mimi ni mtu wa ghala na naogopa moto.

Mama aliichukua noti. Aliigeuza upande mmoja, akaigeuza wa pili, akairudisha ndani ya Biblia. "Twendeni," akasema, "mtoto anangojea."

Kutoka Columbus hadi Louisville ni kama saa tatu na nusu, na sijui barabara ndefu kuliko ile. Akina mama wawili walikaa nyuma. Kwenye kioo nilimwona mama mdogo akijifuta macho kwa ncha ya kitenge alichokipiga pasi asubuhi. Nilipita Cincinnati na daraja lake bila kuona mto. Nilikuwa nawaza kwamba sasa maneno ya baba yamebaki mahali pamoja tu duniani, kichwani mwangu, na kwamba nikipata ajali hapa yameisha. Nikapunguza mwendo. Nikaendesha kama mtu aliyebeba mayai, na malori yakanipigia honi hadi Louisville.

Nataka niseme jambo sasa, kabla sijasahau kwa kunogewa na hadithi. Leo hii namshukuru mama mdogo. Namshukuru kwa sabuni yake, limau yake na ile chupa, na nilishapiga magoti mbele yake kuomba radhi kwa mdomo wangu, akanipiga kofi jepesi la shavuni na kuuliza kama nimekula. Siku ile barabarani nilikuwa sijui chochote cha kumshukuru.

Kaka alitupokea nje, amevaa fulana ya kazi, anacheka. Nyumba ni ndogo na ya matofali, na mlango wake ameupaka rangi ya bluu. Alitutembeza vyumba vyote, akawasha na kuzima taa za kila chumba ili mama aone zinavyofanya kazi. Mke wake alikuwa kanisani na watoto, wanapanga viti vya kesho. Mwishoni akatuleta sebuleni. Fremu ilikuwa mezani, imeshafunguliwa mgongo, inangoja. Mama akampa noti.

Kaka alipitisha kidole pembeni, kwenye sehemu nyeupe. Nilitaka kusema, lakini mama mdogo alinitangulia. Alisimama katikati ya sebule, viganja vimekutana kifuani.

"Ni mie, mwanangu. Nimefuta barua ya baba yenu. Mi nilifikiri ni uchafu."

Kaka si mtu wa maneno. Alikaa kwenye kile kiti kilichowekwa chini ya msumari, noti mkononi, akasema tu, "Basi nitaweka nini ukutani?" Hakumwuliza mtu yeyote hasa. Kaka yangu ana ndevu zenye mvi mbili tatu, na pale alikuwa na miaka minne.

Ndipo mama aliponigeukia.

"Wewe unajua kusoma," akasema. "Hukuwahi kuichungulia? Iliandikwa nini?"

Nikakwepa. "Mama, wewe ndiye uliyekuwa unatusomea."

"Mimi nilikuwa nasema yale baba yenu angesema. Aliniambia ameandika siku uliyozaliwa, sikumwuliza zaidi. Kusoma sijui. Sikuingia shule hata siku moja." Alituangalia mmoja mmoja, akisubiri tushtuke. Kaka alitazama vidole vyake. Mimi nilitazama kapeti. Aliyeshtuka ni mama. "Kumbe mlijua?"

"Mlijua wote?" akarudia. Kaka akaitikia kwa kichwa. Alikuja kugundua, alisema, siku ile barua ya baba ilipomkataza mdogo wake kusimama na wavulana wa kwaya, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wavulana wa kwaya. Mama mdogo akacheka kwanza, akaziba mdomo, kisha mama naye akacheka, na kwa kitambo kidogo sebule ikawa na hewa.

"Bon," mama akasema, akijifuta. "Sasa sema. Usiongeze wala usipunguze. Kuongeza nimeshaongeza mimi."

Nikasimama mbele yake, mikono nyuma, kama siku zote. Mistari ilikuwa minne, nami nilikuwa nimeisoma mara nyingi hata nisingeweza kuikosea. Nikasema:

"Mtoto wa kike. Jumanne, jua likitoka, askari wako barabarani. Mama yake hakulia hata mara moja. Mimi ndiye niliyelia, nyuma ya nyumba."

Mama akanisogelea.

"Sema tena ya mwisho."

"Mimi ndiye niliyelia, nyuma ya nyumba."

"Aliandika hivyo? Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake, mama."

Nje jirani alikuwa anakata majani kwa mashine, na kelele yake ilikuja na kwenda. Mama aliitazama noti iliyokuwa bado mkononi mwa kaka, ile sehemu nyeupe, kana kwamba sasa ndiyo imeandikwa.

"Aliniambia anaenda kuchota maji ya kukuogesha," akasema. "Alichukua ndoo, akatokea mlango wa nyuma. Alikawia. Mimi nimelala pale chini, damu inatoka, mtoto hajaoshwa, namngojea. Akarudi na ndoo tupu. Sikumwuliza kitu. Nilijisemea, mwanaume gani huyu, hata maji yamemshinda siku kama hii. Nikamnunia. Siku tano sikusema naye vizuri. Hata pale mtumbwini alinipa mkono, nikampa vidole tu."

Kaka aliinuka kwenye kile kiti, akamkalisha mama. Mama alikaa, akaivuta kanga yake magotini, akapumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Miaka yote hii," akasema, "nilikuwa nimemnunia kwa ajili ya ile ndoo."

Kisha akanyoosha mkono, akamshika mdogo wake, akamvuta karibu hadi akachuchumaa pembeni ya kiti.

"Aksanti kuifua," akamwambia.